Maji ya Kwanza ni ya Mti

1.

Jina la mti sitaliandika hapa.

Unaweza kuisoma karatasi hii yote, ukaigeuza, ukaimulika juani, hutaliona. Wengine wameshaliandika mahali pengine, kwa lugha ya kitaalamu, na jani lake nimeliona limelazwa juu ya karatasi nyeupe kama maiti iliyokwisha kukoshwa. Mimi nitauita mti tu. Unaota milimani juu ya Kwemtindi, kwenye kivuli, karibu na maji. Na hayo nayo huenda si kweli.

Naitwa Mwasiti Kaniki. Watu wa hapa huniita Mama Singano, kwa jina la mwanangu. Nimesoma mpaka darasa la saba na mwandiko wangu ulisifiwa. Mume wangu, Mzee Hoza, huu ni mwaka wa nne tangu atangulie mbele ya haki, kwa mafua yaliyomshukia kifuani. Ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, isipokuwa pale nitakaposema nimesikia.


2.

FOMU YA RIDHAA — SEHEMU YA TATU

*Mimi* ....Mwasiti Kaniki.... *nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, nathibitisha kuwa nimewaeleza watafiti hatua ZOTE za kutayarisha dawa ya asili ninayowapa wagonjwa wa mafua makali, na kwamba sikuficha jambo lolote linalogusa usalama wa mtumiaji.*

*Sahihi:* M. Kaniki
*Shahidi:* Sauda (mkamwana)
*Tarehe:* 11 Machi

Neno ZOTE walikuja nalo hivyo hivyo, limesimama kwa herufi kubwa. Sikulisimamisha mimi.


3.

Niliyoyaona siku ya kwanza kwa Daktari Kokusima, mtafiti wa mimea kutoka Taasisi:

— Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mgeni anayejua adabu za nyumba yako kabla hujamfundisha, basi ameulizia.

— "Shikamoo mama," kwa mikono miwili, na magoti kidogo.

— Aliangalia jiko kabla hajaangalia watu.

— Alisema, "Mama, sisi hatuchukui kitu, tunajifunza tu." Sijapata kumwona mwanafunzi anayekuja shule na mifuko kumi na minne ya kubebea.

— Alipouliza habari za marehemu mume wangu, alifunga daftari kwanza. Hilo nililipenda.

— Kwa sababu nililipenda, nikalitilia shaka.


4.

Aliyemleta ni Sauda, mke wa mwanangu Singano. Sauda ni mhudumu wa afya pale zahanati; ana fulana ya kazi na simu yenye picha za mapafu. Tunakaa kiwanja kimoja, majiko mawili. Siku hiyo yeye ndiye aliyeandika.

Daktari akaeleza, na alieleza vizuri, sitamdhulumu.

"Mama, virusi vya mafua vikiingia, si vyenyewe tu vinavyoumiza. Mwili ukianza kupigana navyo, mapafu yanavimba, yanajaa. Wengine wanaondoka kwa ule uvimbe. Sasa tunadhani kwenye majani yako kuna viini vinavyoutuliza."

"Mlinzi mlevi," nikasema.

"Nini, mama?"

"Mama mkwe wangu alikuwa akisema homa ni mlinzi mlevi. Mwizi kaingia, mlinzi anapiga kila anayemwona, mpaka mwenye nyumba. Dawa haimfukuzi mwizi. Inamkalisha mlinzi chini."

Akamtazama Sauda. "Andika hiyo. Andika kama alivyosema."

Sauda akaandika. Mimi nikabaki kama mtu aliyemwazima jirani chumvi, halafu akaona jirani kaondoka na kopo.


5.

Hatua nilizowapa:

*Moja.* Usiuendee mti na jua mgongoni. Kivuli chako kisiuguse.

*Mbili.* Uombe. Weka chembe ya unga shinani, sema Bismillahi. (Mama mkwe alikuwa na maneno mengine. Mimi nimebaki na Bismillahi, inanitosha.)

*Tatu.* Chuma majani ya katikati. Machanga yana hasira, makuukuu hayana kitu.

*Nne.* Anika kivulini siku tatu.

*Tano.* Chemsha kwenye chungu, si sufuria, mpaka povu lipande.



*Sita.* Kikombe kidogo cha kahawa asubuhi, kingine jioni. Siku tano, usizidishe.

Unaiona nafasi iliyopo kati ya tano na sita? Daktari, kwa miwani yake, hakuiona. Sauda aliyeandika hakuiona.


6.

Wewe nitakuambia, kwa kuwa sasa kila mtu anajua na hakuna anayeamini.

Povu likipanda, yale maji humwagwa. Yote. Unatia maji mapya, unachemsha tena, na hayo ndiyo hunywewa. *Maji ya kwanza ni ya mti, ya pili ndiyo ya mtu.* Mama mkwe wangu, Bibi Mwanjaa, aliniambia hilo mwaka wa kumi na moja wa ndoa yangu. Hakunieleza sababu. Alimwaga maji ya kwanza kwenye kigae, akamwachia kuku. Kuku alikunywa, akazunguka, akalala ubavu, ukauona moyo unavyogonga chini ya manyoya. Kesho yake aliamka, lakini hakutaga tena.

Na akanipa sharti. Katika ukoo wa akina Hoza, dawa haitolewi nzima kwa asiyekuwa wa damu. Hubakizwa hatua moja. Wanaiita mkia. "Ukimwonyesha mgeni ng'ombe," alisema, "mkia ushike wewe."

Hapo zamani halikuwa jambo la hatari. Mgeni akijua hatua sita, atafanya nini nazo? Chungu kilikuwa kimoja, changu, na kila aliyekunywa alikunywa mkononi mwangu. Hata yule anayejidai kujua, mwisho alikuja kugonga.

Basi, sikuwaambia uongo.

Nilinyamaza.


7.

Kipande hiki nimekibakiza.


8.

*Bombani, mwezi wa tatu. Nimesikia:*

— Mama Singano kapata wageni wa gari.

— La serikali?

— Lina kiyoyozi. Serikali huja kwa pikipiki.

— Dawa yake inakwenda kutiwa kwenye vidonge.

— Ee, tumeze kidonge cha Mama Singano, tuamke tumekunja uso.

Wakacheka. Nilikuwa nyuma ya ukuta na ndoo yangu. Sikuwa nimejificha, nilikuwa nafunga kanga.


9.

Barua ya Taasisi, mwezi wa tano. Sauda alinisomea, ingawa najua kusoma:

*"Mpendwa Mama Mwasiti. Panya walioambukizwa mafua na kupewa viini kutoka kwenye majani yako walipata uvimbe mdogo wa mapafu kuliko wenzao. Ni habari njema, lakini ni hatua ya awali kabisa. Tulitumia kiasi kidogo mno, kilichochujwa kwa mashine. Tafadhali, mtu yeyote asiichukulie barua hii kama ruhusa ya..."*

Hapo Sauda akainua kichwa, uso unang'aa.

"Mama, umesikia? Imefanya kazi."

"Kwa panya."

"Panya ana mapafu kama wewe."

"Na wewe una meno kama yeye. Endelea kusoma."

Hakuendelea. Akaikunja barua, akasema anaipeleka ofisini kwa Mtendaji ipigwe nakala, isipotee.


10.

OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI
KWEMTINDI

YAH: DAWA YA MAFUA ILIYOTHIBITISHWA NA WATAALAMU

1. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Wananchi wote mnaarifiwa kwamba dawa ya asili itokayo katika kijiji chetu imefanyiwa utafiti na imeonekana kutuliza uvimbe wa mapafu utokanao na mafua.

3. Matayarisho: chuma majani ya katikati, anika kivulini siku tatu, chemsha mpaka povu lipande, kunywa.

4. Suala la kuweka unga shinani ni la imani ya mtu na si la lazima.

5. Kwa kuwa dawa hii ni ya asili, haina madhara.

6. Ni marufuku kukata mti mzima. Atakayebainika hatua kali zitachukuliwa dhidi yake.

Limegongwa mhuri.

Nililisoma mara tatu pale ubaoni, mkoba wa mboga begani. Neno *panya* halimo. Kikombe kidogo cha kahawa hakimo. Siku tano hazimo.

Na ile nafasi yangu kati ya tano na sita imezibwa. Hakuna tena hata nafasi.


11.

*Sauda anasema.* (Nimempa mahali aseme mwenyewe, asije akadai nimemsemea.)

Mimi sikuuza kitu cha mtu. Mtendaji aliomba daftari nililoandika siku ile, nikampa. Nilimwambia ni utafiti wa mwanzo, akasema anajua, yeye ana diploma. Kila mwezi wa saba tunazika watu wa kifua hapa. Dawa ipo, lakini ili uipate lazima umsalimie mama vizuri tangu mwezi wa kwanza. Mama ni mtu wa swala, sikatai. Lakini yuko mtoto wa Kwemtindi aliyerudishwa mlangoni kwa sababu bibi yake aliwahi kumsema mama kwenye harusi. Sijui kama ameandika hilo kwenye karatasi zake.


12.

Sikuwa nimeliandika.

Sasa limeandikwa.


13.

Mwezi wa saba ukungu hushuka mpaka mlangoni. Ukitoa mkono nje unaurudisha umelowa. Ndio wakati mafua yetu yanapokuja, na mwaka huu yalikuja na miguu yote.

Nilikaa kibarazani na tasbihi yangu nikahesabu. Saa moja asubuhi mpaka adhuhuri: watu kumi na saba walipanda mlimani mikono mitupu, watu kumi na saba wakashuka na majani. Walinisalimia kwa furaha. Mmoja aliniambia, "Umetusaidia sana, mama."

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yenyewe matatu: *mwaga ya kwanza*.

Nikajiambia wataumwa tumbo kidogo. Watarudi. Wataujua mlango.

Nilijiambia hayo nikiwa na udhu.


14.

Baada ya darsa la akina mama, siku ya Alhamisi, nilibaki nyuma.

"Maalim, nina swali. Kuna mtu katia sahihi kwamba kasema yote. Naye hakusema yote. Lakini alichobakiza alikabidhiwa kwa amana, na masharti yake ni kutokukitoa."

Maalim Shekuwe akavua miwani. "Mtu huyo ni mwanamke?"

"Ni mtu."

"Ni jirani yako?"

"Tunaonana."

"Alichokibakiza kinamdhuru nani?"

"Bado hakijamdhuru mtu."

"Anajuaje?"

Nikatazama mkeka.

"Mwambie," akasema, "amana huwekwa ili isiharibike. Mtu akianza kuharibika kwa ajili ya amana, hiyo ni kitu kingine. Na mwambie aje mwenyewe, asitume watu."


15.

*mimi ni maji ya kwanza*

*napanda na povu jeupe, nanukia kuliko yale yatakayonifuata*

*wenye papara hunipenda mimi*

*zamani nilimwagwa nyuma ya nyumba, ardhi ikaninyamazia*

*sasa nimepata vikombe*


16.

*Bombani, mwezi wa saba. Nimesikia:*

— Wewe imekufanyaje?

— Kifua kimelegea kweli. Ila moyo unanienda mbio kama nadaiwa.

— Mimi natapika, lakini Mtendaji anasema ni uchafu unatoka.

— Uchafu gani huo? Mimi nimetapika mpaka uji wa Ramadhani.

— Kunywa tena. Haina madhara, imeandikwa.


17.

*Ujumbe wa simu, Sauda kwa mume wake Singano, aliyekuwa safarini na lori la mapeasi. Nimeonyeshwa baadaye, na mwenyewe karuhusu:*

mafua yamenishika tangu jana kifua kinabana

nakunywa ile dawa nimetia kwenye chupa ya chai mama asione

atasema nimekuja kumwibia mpaka hapa

usimwambie

naona vitu vina rangi ya njano lol

singano mkono mmoja una ganzi


18.

Niliona mambo matatu asubuhi ile. Jiko la Sauda halifuki moshi. Mlango umeegeshwa. Kuku wake wamekusanyika kizingitini, hawajamwagiwa mtama.

Nikaingia bila hodi. Kwa miaka tisa sikuwahi kuingia kwake bila hodi.

Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, midomo imepauka. Pembeni yake chupa ya chai.

"Mama, nina mafua tu."

Nikafungua kifuniko. Huhitaji kuonja. Maji ya pili hayana harufu. Haya yalikuwa yananukia mpaka darini.

"Umekunywa vikombe vingapi?"

"Chupa hii ni ya pili."

Nikakaa chini.

"Sauda, maji haya yalitakiwa kumwagwa."

"Maji gani?"

"Ya kwanza. Lazima yamwagwe. Sikuwaambia."

Akasema, polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali:

"Mimi ndiye shahidi wako. Nilitia sahihi chini yako."

"Najua."

"Nilijua unanificha mimi. Wagonjwa sikujua kama nao


19.

Hakumaliza. Alitapika. Jirani akaja na pikipiki, nikamshika Sauda katikati, mimi nyuma, tukashuka kwenda kituo cha afya. Njia nzima kifua chake kilikuwa kwenye mikono yangu, na moyo wake ulikuwa unagonga, unaruka, unagonga mara mbili, unanyamaza.

Ukinyamaza nilisoma dua. Ukigonga nilisoma.


20.

KITUO CHA AFYA — KADI YA MGONJWA

*Umri:* 31

*Tatizo:* mafua makali siku 3, kutapika, mapigo ya moyo hayana mpangilio, anaona rangi ya njano

*Amekunywa nini?* majani ya asili

*Maelezo ya ndugu:*

Hapo tabibu aliinua kalamu akasubiri. Chumba kilikuwa na watu tisa. Wanne wametoka Kwemtindi, wamekaa kwenye benchi na ndoo zao za kutapikia, wote wamelisoma tangazo.

Nikasema. Nilianza na jina la mti, hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, na ile ya katikati nikaisema mara mbili. Sikushusha sauti. Kwenye benchi hakuna aliyekohoa.

Tabibu akaandika mistari miwili tu. Miaka thelathini na sita ya kushika, mistari miwili. Kisha akamtundikia Sauda maji, akamfunga waya za kupima moyo, akasema atalala pale, na nisimpe kitu chochote chenye majani hata kama ni mchicha.


21.

Nilipanda kijijini mchana huo huo, nikaenda ubaoni. Chini ya mhuri wa Mtendaji, kwa mwandiko wangu uliosifiwa, nikaandika:

MSINYWE. MAJI YA KWANZA NI SUMU. NILIFICHA. MWENYE MOYO KWENDA MBIO AENDE KITUO CHA AFYA LEO. — MWASITI KANIKI

Wakaja kusoma. Nilikaa pale pale niulizwe.

"Kwa hiyo sasa tuje kwako utupikie?" akauliza mmoja.

"Msije kwangu. Nendeni kituoni."

"Ee. Na kesho utatwambia kuna maji ya tatu."

"Mama Singano, sema kweli. Imekuuma watu kujipikia wenyewe."

"Mkamwana wangu amelazwa."

"Mkamwana wako mlikuwa hampiki pamoja. Leo ndiyo umeanza kumpenda?"

Mtendaji mwenyewe akaja, kalamu mfukoni. Akasema kuandika kwenye tangazo la ofisi ni kosa. Akasema pia, lakini kwa sauti ya chini, kwamba mama yake mzazi amekunywa tangu Jumatatu, je, rangi ya njano ni dalili?

"Ni dalili."

Alikwenda mbio. Tangazo hakulitoa. Nililichana mimi.

Watu sita walishuka kituoni siku hiyo. Waliokunywa, ninaowajua, ni zaidi ya arobaini.


22.

Daktari Kokusima alirudi siku ya nne, bila mifuko. Hakuvua viatu. Hakunisalimia kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nilimwamini.

"Mama, panya wetu hawakufa kwa sababu tulitoa kidogo sana. Kwa bahati. Unaelewa neno bahati?"

"Naelewa."

"Ungeniambia kuna kitu cha kumwaga, hicho ndicho kitu cha kwanza ningekipima. Ile sumu yako ya maji ya kwanza, huenda nayo ni sehemu ya... sijui. Sijui. Sasa sijui hata nilichokipima ni kitu gani."

Nikamwambia yote. Mpaka kuku nikamwambia. Aliandika mwenyewe safari hii, mkono unakandamiza karatasi. Mwisho akatoa fomu. Ni ile ile. *Hatua ZOTE.*

"Soma vizuri, mama. Halafu utie sahihi."

Nikasoma. Nikashika kalamu. Nilikuwa nimesema kila nilichonacho, sikubakiza hata jina la kijito. Mwezi wa tatu nilitia sahihi nikiwa nimeficha, na mkono haukusita; safari hii ulisita juu ya mstari.

"Kuna nini?" akauliza. "Kuna kingine?"

"Mimi sina kingine."

"Basi tia."

"Daktari, mimi si wa damu."

Hakunielewa. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa najielewa, neno linanitoka na mimi nalifuata nyuma. Mimi ni mke. Nimeolewa katika ukoo huu. Sharti ni kwamba asiyekuwa wa damu hapewi nzima. Bibi Mwanjaa alinipa sharti hilo uso kwa uso, mimi na yeye tumekaa kwenye vigoda viwili, nami nikaitikia, nikaona nimeheshimiwa.

Alikuwa ananiambia mimi.


23.

Mzee Hoza aliugua Jumapili. Nilichuma kwa mkono wangu. Nilianika, nilichemsha, nilimwaga ya kwanza, nilichemsha tena. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Siku ya tisa alifariki.

Watu walisema kazi ya Mungu haina makosa, nikasema kweli. Hata sasa nasema kweli.

Lakini kazi ya Mungu ni moja na kazi yangu ni


24.

Bibi Mwanjaa alizaa watoto wawili, Hoza na dada yake Mwanahawa. Mwanahawa yuko Korogwe, ana miaka sabini na mbili, anauza mikeka. Yeye ni wa damu. Hatujazungumza vizuri tangu matanga ya kaka yake, kwa sababu ya nguo za marehemu zilivyogawanywa.

Sauda aliletwa nyumbani Ijumaa. Anakula uji. Moyo umerudi kwenye mstari, ila tabibu kasema atapimwa tena. Hatukuzungumza sana. Nilikwenda kwake na simu yangu, nikapiga hodi, akasema karibu, nikamwomba anitafutie jina.

"Shangazi Mwanahawa?" akashangaa. "Leo kuna nini?"

"Weka sauti ya nje. Usikie na wewe."

"Kwa nini nisikie?"

"Uwe shahidi. Safari hii wa kweli."

Akaniangalia kama ninavyoangalia mimi watu. Kisha akabonyeza.


25.

"Nani?"

"Mwasiti. Mke wa kaka yako."

"Kumbe u hai."

"Ni hai, wifi. Shikamoo."

"Marahaba. Nguo umeziona?"

"Sijapiga kwa ajili ya nguo. Nataka kukuuliza habari za dawa ya mama."

Nyuma yake kuna jogoo, na mtu anapiga nyundo.

"Dawa gani? Mama alikupa dawa wewe."

"Alinipa. Nataka kujua alinipa yote au alishika mkia."

"Ndiyo maneno ya kuulizana kwenye simu hayo?"

"Watu wanakunywa huku, wifi. Mkwe wetu nusura tumzike. Wengine bado wanakunywa, wameniona mimi ndiye mwongo. Nikirudi kuwaambia lazima niwe na kitu kizima. Hatua zako ziko ngapi?"

"Zako ziko ngapi?"

"Taja zako kwanza."

"Taja zako wewe. Wewe ndiye uliyepiga."

Nyundo ikaacha. Nikasikia pumzi yake, na nadhani yeye alisikia yangu, na Sauda aliyeketi kitandani alizisikia zote mbili. Nikitaja zangu, wifi atajua ninachokosa. Akitaka ataniambia. Akitaka atasema *hizo hizo, wifi, hamna nyingine*, akakata simu, nami sitakuwa na njia ya kujua mpaka naingia kaburini. Au atanitajia moja aliyoitunga hapo hapo, nami nitakwenda kuwapa watu.

Na kama ipo, kama ilikuwepo, basi kuna Jumapili moja na siku tisa ambazo nitalazimika kuzirudia moja moja.

"Upo, Mwasiti?"

"Nipo."

Sauda akachukua daftari lake. Akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akaniangalia.

"Ya kwanza," nikasema kwenye simu. "Usiuendee mti na jua mgongoni."

Kalamu ya Sauda ikakwaruza karatasi.

"Ya pili."

"Subiri," akasema wifi. "Rudi kwenye hiyo ya kwanza. Ulikuwa unakwenda saa ngapi?"